Namna ya kuchangamsha somo katika darasa la watoto 80: mwongozo kamili kwa mwalimu wa shule ya msingi

Ushauri mwingi wa kuchangamsha somo umeandikwa kwa darasa la watoto 20, lenye zulia, projekta na kabati la rangi. Huu ni wa mwalimu mwenye ubao, chaki, madawati ya watoto watatu watatu na majina 80 kwenye daftari la mahudhurio. Mifano mingi ni ya Darasa la III hadi la VI, kipindi cha dakika 40, na karibu kila kifaa nitakachokitaja hupatikana nyumbani au dukani kwa Mangi bila kulipia.

Hatua ya 1: Upime mchezo kabla hujauingiza darasani

Kuna vipindi ambavyo watoto wanacheka tangu mwanzo mpaka kengele, na ukifungua madaftari hukuti kitu. Mchezo ulikuwepo, somo lilikuwepo, ila havikukutana. Kwa hiyo kila mchezo unaoufikiria uulize swali moja: je, mtoto asiyejua chochote kuhusu mada hii anaweza kushinda? Kama anaweza, huo ni mchezo wa mapumziko. Uache uende nje na rede na kombolela.

Chukua mchezo maarufu wa kukimbilia kadi. Mwalimu anataja swali, watoto wawili wanakimbia mbele, wa kwanza kushika kadi yenye jibu anapata alama. Anayeshinda ni mwenye mbio. Waliobaki 78 wanashangilia tu. Sasa ubadilishe kidogo: kila mtoto anapewa kadi yake, mmoja ana 1/2, mwingine 2/4, mwingine 3/6, mwingine 2/3, na kila mmoja anatakiwa kutafuta wenzake ambao kadi zao zina thamani sawa na yake, kisha wasimame pamoja. Hapo hakuna anayeweza kujificha, na hakuna anayeweza kushinda kwa miguu.

Nyimbo nazo zipimwe hivyohivyo. Kwa watoto wa Darasa la I na la II, wimbo unasaidia sana kushika mpangilio wa herufi na namba. Lakini mwulize mtoto anayeimba jedwali la saba vizuri kabisa: saba mara nane ni ngapi? Wengi huanza kuimba toka saba mara moja mpaka wafike. Wimbo umemfundisha kuimba, na kuzidisha bado kunamsubiri mwalimu.

Hatua ya 2: Panga watu kwanza, vifaa baadaye

Kazi ya vikundi ikivurugika katika darasa kubwa, mara nyingi imevurugika katika dakika tatu za mwanzo, watoto wakiwa wanahama viti na kugombea nafasi. Dawa ni kutohamisha mtu. Watoto wa dawati la mbele wanageuka nyuma, wanatazamana na wa dawati linalofuata, na hapo una kikundi cha watu sita. Darasa la 80 linakupa vikundi 13 au 14. Vibaki hivyo kwa wiki nne au tano, kisha ubadilishe madawati.

Kila mtoto awe na kazi yake. Mgawa vifaa ndiye peke yake anayeruhusiwa kuja mbele kuchukua na kurudisha. Mwandishi anaandika. Msemaji anatoa jibu la kikundi. Mtunza muda anaangalia saa ya ukutani au anakuangalia wewe. Wawili waliobaki ni wakaguzi: kazi yao ni kuuliza "tumejuaje?" kabla kikundi hakijakubali jibu. Majukumu yazunguke kila wiki, la sivyo msemaji atakuwa yuleyule mchangamfu na mgawa vifaa atakuwa yuleyule mpole.

Halafu ishara ya ukimya. Kupiga rula mezani kunachosha, na kupaza sauti juu ya sauti 80 ni kuharibu koo bure. Piga makofi kwa mdundo: mawili ya taratibu, matatu ya haraka. Walioyasikia wanayarudisha kwa mdundo uleule, mikono inabaki juu, kimya. Wafundishe ishara hiyo siku ambayo hakuna mchezo wowote, muirudie mpaka darasa lote linyamaze kabla hujahesabu kumi. Ukiona bado, usianze kazi ya vikundi wiki hiyo. Ukiwa na mwanafunzi asiyesikia vizuri, mkono wako ulioinuliwa uende pamoja na makofi, naye akae mahali anapouona.

Hatua ya 3: Sanduku la zana

Watangazie watoto wiki moja kabla. Vizibo vya soda, nyuzi, mabua ya mtama au mahindi, maboksi, makopo, kurasa za madaftari yaliyokwisha, mifuko ya saruji. Mfuko wa saruji ukikung'utwa vumbi nje na kufunuliwa, tabaka la ndani linakuwa karatasi ngumu inayodumu kuliko manila. Gundi ni unga wa muhogo uliokorogwa kwenye maji na kupikwa mpaka uwe mzito. Upikie siku hiyohiyo, maana ukilala unachacha.

Vizibo vinahitaji uangalifu. Gonga kingo kwa nyundo zilale, kwa sababu zinakata vidole, na usiwape watoto wadogo wa awali vifaa vinavyoweza kuingia mdomoni au puani. Vifunge ishirini ishirini kwenye vimfuko. Mgawa vifaa anapokea 20, anarudisha 20, na anahesabu mbele yako. Hilo peke yake ni zoezi la kuhesabu, na linaokoa vizibo vyako.

Hatua ya 4: Kipindi kimoja tukione kwa karibu

Mada ni sehemu, Darasa la IV. Kosa ambalo kila mwalimu wa hisabati analijua ni hili: ukiandika ubaoni 1/2 + 1/4, nusu ya darasa itakupa 2/6. Wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (namba ya chini) kwa asili. Unaweza kuwaeleza kanuni mara kumi na bado wiki ijayo wakarudia. Kinachofaa ni wakutane na kitu ambacho kinakataa jibu lao.

Kila kikundi kinapewa duara tatu za karatasi zilizokatwa kwa kufuatisha ukingo wa sahani, zote ukubwa mmoja. Hizo ni chapati. Unaandika ubaoni swali moja tu: *Chapati tatu, watu wanne. Wagawane sawa, kisibaki kitu. Kila mmoja atakula kiasi gani?* Usieleze zaidi ya hapo. Dakika tano utasikia kelele, na ni kelele nzuri. Ipitie ukisikiliza, mikono nyuma.

Vikundi vingine vitagawa kila chapati vipande vinne na kumpa kila mtu vipande vitatu vya robo. Vingine, na hapa ndipo utamu ulipo, vitakata chapati mbili nusu kwa nusu, kila mtu apate nusu, kisha ya tatu wataigawa robo nne. Kila mtu ana nusu na robo. Ukishaona njia zote mbili zimejitokeza, piga makofi yako, na mwite msemaji mmoja wa kila upande aonyeshe. Halafu uliza: nani kala zaidi, huyu mwenye robo tatu au yule mwenye nusu na robo?

Darasa litagawanyika. Wengine watasema mwenye vipande vitatu kapata zaidi kwa sababu vipande ni vingi. Waache wabishane kidogo, kisha waambie waweke vipande juu ya vipande. Vinalingana kabisa. Sasa ndipo unaandika 1/2 + 1/4 = 3/4, na kando yake unaandika lile jibu la 2/6 bila kumtaja mtu. Waambie wakunje duara nyingine vipande sita, wachukue viwili, wailinganishe na nusu. Watagundua 2/6 ni ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo. Umekula nusu, ukaongezewa robo, chapati ikapungua? Watacheka, na hicho kicheko kinatoka ndani ya hisabati yenyewe.

Dakika kumi zinazofuata ni za swali gumu zaidi: meza moja ina chapati tatu kwa watu wanne, nyingine chapati tano kwa watu sita. Ungependa kukaa meza ipi? Mtoto atakayetazama kilichokosekana ataliona jibu haraka. Meza ya kwanza kila mtu amepungukiwa robo ili afikie chapati nzima. Ya pili amepungukiwa moja ya sita tu. Moja ya sita ni ndogo kuliko robo, basi meza ya pili inashiba zaidi. Hakuna aliyetafuta asili ya pamoja, na hoja ni sahihi kabisa. Kanuni ya asili ya pamoja utaileta kesho, kwa watoto ambao tayari wanaihitaji.

Dakika nane za mwisho ni kimya. Kila mtoto anachora kwenye daftari alichokifanya kikundi chake, anaandika sentensi ya hisabati, na anafanya maswali mawili peke yake. Hatua hii usiifute hata muda ukibana. Bora ulikate lile swali la meza mbili.

Hatua ya 5: Tumia michezo ambayo tayari wanayo

Bao linafundisha kuhesabu mbele kuliko zana yoyote ninayoijua. Ubao kamili una mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri anajua kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaanza kusambaza. Kwa darasani huhitaji sheria zote. Chimbeni mashimo manane kwenye mchanga, wekeni kete, kisha uliza: nikianza shimo la pili lenye kete tano, nikaanza kusambaza kwenye shimo linalofuata, nitaishia wapi? Wajibu kwanza, ndipo wasambaze kuhakikisha. Ukitaka kuwapeleka kwenye kuzidisha na kugawanya, mashimo manane yakiwa na kete nne nne ni 32. Ukizigawa kwenye mashimo matano itabaki ngapi?

Kwenye Kiswahili, vitendawili ni hazina ambayo tunaitumia vibaya. Mwalimu anatega, darasa linajibu kwa pamoja majibu waliyoyakariri: nyumba yangu haina mlango, yai, popoo mbili zavuka mto, macho. Hilo ni sawa kwa dakika mbili za kuamsha darasa. Ubunifu unaanza pale wanapotunga vya kwao. Nenda hivi:

1. Kila kikundi kinachomoa kutoka kwenye kopo kikaratasi chenye jina la kitu kimoja: chaki, bodaboda, simu, ufagio, mwamvuli.
2. Wanaandika mambo manne ambayo kitu hicho kinafanya au kinafanyiwa. Chaki inaandika, inaisha, inachafua mikono, inafutwa.
3. Wanachagua mawili na kuyasema kana kwamba kitu hicho ni mtu au mnyama, bila kukitaja. "Kadiri anavyosema ndivyo anavyokonda."
4. Wanakitegea kikundi jirani. Kikijibiwa papo hapo, ni chepesi mno, wakirekebishe. Kisipoeleweka hata baada ya kutajwa jibu, hakina haki, wakitupe.

Wanaoshindwa watoe mji, kama ilivyo desturi. Na usikubali mji wowote ule: wataje mji na mkoa uliomo, na hapo umepata marudio ya ramani bila kuomba kipindi kingine.

Ngonjera ina nafasi yake pia, hasa kwa mada zenye pande mbili. Mshairi Mathias Mnyampala aliipa umaarufu Tanzania, na mashuleni ikakubalika: watoto wawili au makundi mawili wanajibizana kwa beti mpaka wafikie muafaka. Tatizo ni kwamba siku hizi ngonjera hutungwa na mwalimu kwa ajili ya mgeni rasmi. Ukiwaachia watoto watunge ubeti mmoja mmoja, mkulima akibishana na mfugaji kuhusu maji, mizani itayumba na vina vitagongana. Sawa tu. Watakuwa wamelazimika kuijua hoja ya upande wa pili.

Hatua ya 6: Watoe nje, lakini kwa kazi

Kitendawili kingine cha zamani: kila niendapo ananifuata. Kivuli. Anzia hapo, kisha mtoke na fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja juu ya ardhi ikishasimikwa. Hakikisheni imesimama wima kwa timazi ya uzi na jiwe. Kuanzia saa 5:30 hadi saa 7:30 mchana, kikundi kimoja kinatoka kila baada ya dakika 20, kinaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, kinapima urefu kwa rula na kurudi darasani. Hawahitaji kulitazama jua, na uwakataze kabisa.

Watu wengi, walimu tukiwemo, wanaamini kivuli kinakuwa kifupi kuliko wakati wote saa 6 kamili. Vijiwe vitawaonyesha vingine. Dar es Salaam, mwishoni mwa Mei, ni kama saa 6:20. Kigoma ni karibu saa 7. Sababu yake ni hesabu ya darasani: saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, mstari ambao haugusi Tanzania popote, na dunia huchukua dakika nne kuzunguka nyuzi moja. Kigoma iko karibu na nyuzi 30. Tofauti ya nyuzi 15 mara dakika nne ni saa nzima. Kama una mwalimu rafiki mkoa mwingine, pigianeni simu siku hiyohiyo, watoto wenyewe wasomeane vipimo.

Rudieni kazi hiyo mwishoni mwa Novemba. Dar es Salaam, mwishoni mwa Mei, kivuli kifupi cha fimbo ya mita moja ni karibu sentimita 54 na kimelala kuelekea kusini. Mwishoni mwa Novemba ni karibu sentimita 25, nacho kimegeuka kuelekea kaskazini. Tanzania nzima iko kati ya Ikweta na Tropiki ya Kaprikoni, ndiyo maana jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka. Mtoto aliyeweka kijiwe mwenyewe hatahitaji kukariri sentensi hiyo.

Hatua ya 7: Kitabu kimoja, watoto sita

Kwa mada za kusoma, kama magonjwa yanayoambukiza, ifaayo ni mbinu aliyoibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini ambao hawakuwa wakiaminiana. Kila mtoto wa kikundi anapewa kipande chake cha mada: mmoja malaria, mwingine kipindupindu, mwingine kichocho, na kuendelea. Kwanza wote wa malaria wanakutana, wanasoma, wanasaidiana kuelewa. Kisha kila mmoja anarudi kikundini kwake kuwafundisha wenzake. Kikundi hakiwezi kufanya jaribio bila kumsikiliza kila mtu, na kwa hiyo yule mtoto ambaye hajawahi kunyoosha mkono anasikilizwa kwa mara ya kwanza.

Katika darasa la 80 utapata watu 13 wa malaria. Wagawe mara mbili au tatu. Nakili vipande kwa mkono kwenye karatasi usiku uliotangulia, au wape wanafunzi wenye mwandiko mzuri wakunakilie.

Hatua ya 8: Jua nani amebaki nyuma

Furaha ya darasa inadanganya, kwa kuwa wanaoshangilia ndio wanaosikika. Dakika tatu kabla ya kengele, kila mtoto aandike jina na jibu la swali moja kwenye kipande cha karatasi, akupe mlangoni. Ofisini huhitaji kusahihisha kwa alama. Panga mafungu matatu: walioelewa, walioelewa nusu, wasioelewa. Karatasi 80 ni kama dakika kumi na tano. Fungu la tatu ndilo unaloanza nalo kesho yake.

Kuhusu mashindano, tumia kwa kiasi. Kikundi kinachoshinda kila mara kinachoka, na kinachoshindwa kila mara kinaacha kujaribu mapema zaidi. Mimi napendelea darasa lishindane na rekodi yake lenyewe: jana tulipata vitendawili vizuri sita, leo je?

Mwalimu mkuu, mzazi na mtihani

Mtu atakuja kusema watoto wanacheza tu. Usibishane naye koridoni. Andika mchezo kwenye andalio la somo chini ya hatua yake, kwa maneno ya kazi: "wanafunzi wanalinganisha sehemu kwa vipande vya karatasi." Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akija, anakuta lengo, zana na upimaji. Mzazi mwonyeshe daftari lenye mchoro na maswali mawili ya siku ile. Mwalimu wa darasa la jirani mwambie mapema ni kipindi gani kitakuwa na sauti, na kama ana jaribio, nyie tokeni nje mkae chini ya mti.

Mtihani wa Darasa la IV na ule wa Darasa la VII upo na utakuja. Kwa hiyo kila baada ya mada iliyofundishwa kwa mchezo, wape maswali manne ya mtindo wa mtihani juu ya jambo lilelile, ili watoto waone kwamba swali la karatasini ni zile chapati tatu zikiwa zimevaa sare.

Usibadilishe vipindi vyote kwa mara moja. Chagua kimoja kwa wiki, ikiwezekana kile cha baada ya chakula cha mchana ambacho watoto husinzia, na mada ambayo mwaka jana iliwashinda wengi. Sanduku la zana likae chini ya meza yako, siyo stoo yenye kufuli ambalo ufunguo wake anao mtu aliyekwenda semina.